Karanga ya kusaga: nani apunguze, nani aongezewe, na kitu gani kinaweza kushika nafasi yake

Kila asubuhi, katika soko la Kadutu mjini Bukavu na lile la Virunga mjini Goma, akina mama wanapanga mezani vifuko vidogo vya karanga ya kusaga. Rangi yake ni kahawia, mafuta yameanza kuelea juu, na harufu inamfikia mpita njia kabla hajaiona meza yenyewe. Mwenye kununua sombe ananunua na karanga. Mwenye kupika lenga-lenga anaongeza karanga. Mwenye mtoto mdogo anatia kijiko kimoja ndani ya bui. Katika nyumba nyingi za mashariki mwa Congo, mboga bila karanga inaonekana kuwa mboga ya siku za taabu.

Lakini wapo pia wanaorudi kutoka kituo cha afya wakiwa na neno moja kichwani: "Punguza mafuta." Ni baba mwenye tansio, ni mama mwenye ugonjwa wa sukari, ni mtu ambaye uzito umezidi na magoti yameanza kumuuma. Wanafika nyumbani, wanaangalia sufuria ya sombe, na swali linaanza. Karanga iachwe kabisa? Na ikiachwa, itiwe nini?

Jibu linakuwa gumu zaidi kwa sababu mara nyingi ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna mtoto mwembamba, na muuguzi amesema mtoto huyo aongezewe karanga. Chakula kilekile ni kingi mno kwa mmoja na ni kidogo mno kwa mwingine. Na sufuria ni moja, makala ni ya kupima, na mpishi ni mmoja.

Wengine wanaweza kuuliza: katika nchi ambayo FAO na PAM zilitangaza mwezi wa tatu 2025 kwamba watu karibu milioni 28 wana njaa kali, kuna maana gani kuzungumza juu ya kupunguza mafuta? Maana ipo. Njaa na tansio zinaweza kukaa mtaa mmoja, hata nyumba moja. Mwenye tansio asipojua apunguze nini, anaweza kuacha chakula kizuri na kubaki na kile kinachomdhuru.

Ndani ya kijiko kimoja mna nini?

Ukichukua gramu 100 za karanga ya kusaga isiyochanganywa na kitu kingine, karibu nusu yake, yaani gramu 50, ni mafuta. Robo yake, karibu gramu 25, ni protini, ile inayojenga mwili. Nguvu yote inayotoka humo inafika karibu kilokalori 590. Kijiko kimoja cha supu, chenye gramu 16 hivi, kina karibu gramu 8 za mafuta na kilokalori 95.

Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kwamba kwa mtu mzima mafuta yasizidi asilimia 30 ya nguvu zote anazopata kwa siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2000, hiyo ni karibu gramu 67 za mafuta, kwa kuhesabu yote: ya karanga, ya mawese, ya nyama, ya mandazi na ya samaki wa kukaanga. Vijiko vinne vya karanga peke yake vinakula karibu nusu ya kipimo hicho.

Hata hivyo, mafuta si ya aina moja. Sehemu kubwa ya mafuta ya karanga ni ya namna ile inayobaki majimaji hata penye baridi, na waganga hawaioni kuwa adui wa moyo. Mafuta ya mawese ni tofauti: karibu nusu yake ni ya ile namna inayogandamana, ambayo ikizidi inapandisha kolesteroli katika damu. OMS inataka mafuta ya namna hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu za siku.

Kwa hiyo mtu anayetaka kupunguza mafuta aanze kuangalia sufuria nzima kabla ya kulaumu karanga.

Hesabu ya sufuria moja ya sombe

Tuchukue sombe ya watu sita. Mpishi anatia bilauri moja ya karanga ya kusaga, kama gramu 250. Hapo mna karibu gramu 125 za mafuta. Kisha anamimina upawa mmoja wa mawese, kama mililita 100, ambao una karibu gramu 90 za mafuta. Jumla ni gramu 215. Ukigawa kwa watu sita, kila sahani imebeba karibu gramu 36 za mafuta, zaidi ya nusu ya kipimo cha siku nzima, kabla ya kuhesabu samaki au nyama.

Mpishi huyo akiacha mawese na kubakiza karanga yote, kila sahani inashuka mpaka karibu gramu 21. Akiacha mawese na kupunguza karanga nusu, huku akijaza nafasi iliyobaki na maharagi yaliyopondwa, kila sahani inabaki na gramu 10 au 11 hivi. Sombe inabaki nzito, harufu ya karanga ipo, na mafuta yamepungua zaidi ya mara tatu.

Hesabu hii ina funzo moja la jikoni: karanga na mawese zisiingie pamoja katika sufuria ya mtu aliyeambiwa apunguze mafuta. Karanga ina mafuta yake tayari. Ikichemka vizuri, inayatoa yenyewe na kuyaleta juu ya mchuzi. Ukiyaona yanaelea, unaweza kuyaengua kwa upawa na kuyaweka pembeni kwa ajili ya kukaangia kitunguu siku nyingine.

Maharagi, jirani wa karibu

Karanga haipendi baridi ya milima. Inastawi zaidi kwenye joto, kama vile bonde la Ruzizi, Maniema na Tanganyika. Ndiyo maana Goma na Bukavu zinategemea barabara ili kuipata, na barabara ikifungwa bei inapanda. Maharagi ni kinyume: Masisi, Rutshuru, Lubero, Walungu na Kabare ni nchi za maharagi. Kituo cha utafiti cha INERA kule Mulungu, karibu na Bukavu, kimefanya kazi ya mbegu za maharagi kwa miaka mingi, zikiwemo zile zilizoongezewa madini ya chuma kwa ajili ya wenye upungufu wa damu.

Gramu 100 za maharagi yaliyokwisha kupikwa zina karibu gramu 9 za protini, na mafuta hayafiki hata gramu moja. Zina pia nyuzi nyingi zinazosaidia tumbo na zinazofanya sukari iingie katika damu polepole, jambo lenye faida kwa mgonjwa wa sukari.

Kwa kupaka kwenye mkate, njia ni rahisi. Loweka maharagi usiku mzima, mwaga maji yale, kisha yapike mpaka yalainike kabisa. Yaponde yakiwa bado moto, ongeza kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, ndimu, pilipili kwa anayeipenda, na chumvi kidogo sana. Kwa vikombe viwili vya maharagi, tia kijiko kimoja cha supu cha karanga ya kusaga. Kijiko hicho kimoja kinatosha kuleta harufu ambayo ulimi unaitafuta. Kitu hicho hakikai siku nyingi kama karanga: penye friji kinaweza kukaa siku mbili au tatu, na pasipo friji kiliwe siku hiyo hiyo.

Kuloweka kuna faida nyingine ambayo kila mpishi wa mjini anaijua: maharagi yaliyolala majini yanaiva upesi na yanakula makala kidogo. Kwa bei ya makala ya leo, hilo nalo ni sehemu ya mapishi.

Njugu mawe, ndugu aliyesahauliwa

Karanga yenyewe ni mgeni. Ilitoka Amerika ya Kusini na ilifika Afrika pamoja na mashua za Wareno katika karne ya 16. Kabla yake, Waafrika walikuwa tayari na mbegu inayozaa chini ya udongo kwa namna ileile: njugu mawe, ambayo wengi nchini Congo wanaijua kwa jina la voandzou. Mgeni alipofika na mafuta yake mengi, alimsukuma mwenyeji pembeni.

Leo, kwa yule anayetafuta kitu kinachofanana na karanga bila mafuta mengi, mwenyeji huyo anastahili kurudishwa mezani. Katika gramu 100 za njugu mawe kavu, mafuta ni gramu 6 au 7 tu, wakati karanga inakaribia 50. Protini inakaribia gramu 20. Sehemu kubwa inayobaki ni wanga, na ndiyo maana njugu mawe inashibisha kama chakula kamili.

Upungufu wake ni ugumu. Ikiwa kavu inahitaji kulowekwa usiku mzima na kuchemshwa muda mrefu. Ikiiva, inapondwa kwenye kinu na kutoa kitu kizito, chenye ladha iliyo katikati ya karanga na maharagi. Inafaa katika mchuzi wa mboga za majani, na inafaa pia kuliwa na bugali au ndizi. Kwenye mkate inahitaji maji ya moto kidogo au ndimu ili ilainike, kwa sababu haina mafuta ya kuilainisha yenyewe. Ikiwa bado mbichi, imetoka tu shambani, inachemshwa na chumvi na kuliwa kama karanga za kuchemsha.

Soja: nusu ya mafuta, protini zaidi

Soja inajulikana sana katika Kivu kupitia unga wa masoso, ule wa mahindi, soja na sorgho, ambao wengine wanauita sosoma. Katika Kivu ya Kusini, taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, yenye kituo chake Kalambo, imewasaidia wakulima kulima soja na kuigeuza chakula cha nyumbani.

Soja kavu ina karibu gramu 20 za mafuta katika gramu 100, chini ya nusu ya yale ya karanga, na protini yake inafika gramu 36. Ikikaangwa bila mafuta mpaka ganda lipasuke na rangi iwe ya kahawia, kisha isagwe, inatoa unga wenye harufu inayokaribia ile ya karanga. Unga huo, ukikorogwa na maji ya moto na kutiwa ndani ya sombe au lenga-lenga, unafanya mchuzi kuwa mzito.

Lakini soja haivumilii haraka. Ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na mtu anaweza kuumwa tumbo. Lazima ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kuliwa, na unga wake upikwe tena ndani ya mchuzi. Pia kuna watu ambao mwili wao unakataa soja kama vile wengine unavyokataa karanga. Anayevimba midomo, kuwashwa au kupumua kwa shida baada ya kula mojawapo asiendelee kujaribu: aende kituo cha afya haraka.

Njia nyingine ya soja ni maziwa yake na jibini yake, inayoitwa tofu. Jibini hiyo ikipondwa na kitunguu na pilipili inapakwa kwenye mkate, na mafuta yake ni kidogo kuliko ya karanga.

Sambaza kwa ajili ya mchuzi

Mara nyingine kinachotafutwa katika karanga ni ule utamu unaofanya bugali iteremke. Hapo samaki wadogo wanaweza kusaidia. Sambaza hawakuwa katika Ziwa Kivu zamani: walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa humo kati ya 1959 na 1960, na leo ni chakula cha kila siku cha Goma, Bukavu, Idjwi na Kalehe. Wakikaushwa na kusagwa pamoja na mifupa yao, wanatoa unga wenye protini na kalisiamu. Vijiko viwili vya unga huo vinaipa mboga ladha bila upawa wa mawese. Angalizo ni chumvi: samaki waliokaushwa kwa chumvi waoshwe kwanza.

Na kwa mwenye tansio, chumvi inahitaji neno lake. Wagonjwa wengi wanashindana na mafuta na kusahau chumvi, ingawa ndiyo inayopandisha tansio moja kwa moja. OMS inashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyo ndani ya kyubu za supu, makayabu na mkate. Anayeacha karanga na kuongeza kyubu mbili ili mboga ipate ladha amejidhuru zaidi.

Vitu vinavyodanganya

Kuna vitu vinavyowekwa mahali pa karanga kwa nia njema, lakini havipunguzi mafuta.

Cha kwanza ni mayonezi. Katika aina ya kawaida, karibu robo tatu ya uzito wake ni mafuta. Margarini nayo, kwa aina nyingi, iko kati ya asilimia 60 na 80. Mtu anayetoa karanga kwenye mkate wa asubuhi na kupaka moja ya vitu hivi amepata mafuta zaidi na amepoteza protini.

Cha pili ni mbegu za maboga na ufuta. Ni chakula kizuri, chenye madini, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, sawa na karanga. Kwa mtu ambaye mwili wake unakataa karanga, zinaweza kufaa baada ya kumwuliza mganga. Kwa anayetaka kupunguza mafuta, hakuna kilichobadilika.

Cha tatu ni avoka. Gramu 100 zake zina karibu gramu 15 za mafuta na kilokalori 160. Ni kidogo sana ukilinganisha na karanga kwa uzito, na mafuta yake ni ya namna nzuri. Tatizo ni kipimo: hakuna anayepaka gramu 16 za avoka. Mtu anapaka nusu tunda, na nusu ya tunda kubwa inarudisha mafuta yaleyale ya vijiko viwili vya karanga. Robo ya avoka inatosha kwa mkate mmoja.

Cha nne kinatoka mbali, ndani ya makopo ya ng'ambo yenye maandishi ya kusema kwamba mafuta yamepunguzwa. Nchini Marekani, sheria inasema kitu kinachouzwa kwa jina la karanga ya kusaga lazima kiwe na karanga angalau asilimia 90. Yale makopo ya mafuta kidogo mara nyingi hayafiki hapo: karanga inakuwa karibu asilimia 60, na nafasi ya mafuta yaliyotolewa inajazwa sukari na wanga. Vijiko viwili vinashuka kutoka gramu 16 za mafuta hadi 12, lakini kilokalori zinabaki karibu 190, zilezile. Kwa mgonjwa wa sukari, kubadilisha mafuta ya karanga kwa sukari ni hasara, na kopo lenyewe lina bei ya juu.

Kutoa mafuta katika karanga yenyewe

Asiyetaka kuachana na karanga kabisa anaweza kuipunguzia mafuta nyumbani. Njia ya kwanza ni kuiacha karanga ya kusaga itulie ndani ya chupa siku moja au mbili. Mafuta yanapanda juu. Ukimimina vijiko viwili vya supu vya mafuta hayo, umetoa karibu gramu 27. Kinachobaki ni kikavu zaidi, na maji ya moto kidogo yanakilainisha wakati wa kula. Njia ya pili ni ile ya kukandakanda karanga iliyosagwa pamoja na maji ya moto kidogo kidogo mpaka mafuta yajitenge, kisha kukamua kwa mikono. Mafuta hayo hayatupwi: ni mafuta safi ya kupikia.

Lakini hapa pana hatari ambayo haionekani kwa macho. Karanga iliyohifadhiwa penye unyevu inashikwa na kuvu, na kuvu hiyo inatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo inaharibu ini na inaweza kuleta kansa, hasa kwa mtu mwenye virusi vya ugonjwa wa ini vya aina ya B. Mwaka 2004, nchini Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Karanga ikikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu haiondoki na mafuta, inabaki katika kile kinachokamuliwa, ndicho mtu anachokula. Kukaanga kunapunguza sumu lakini hakuimalizi.

Kwa sababu hiyo, aliye na uwezo anunue karanga za punje badala ya zile zilizokwisha kusagwa. Azimwage kwenye lungo, atoe zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu, ndipo azikaange na kuzipeleka kwenye mashini. Zilizotolewa zisipewe kuku wala mbuzi, kwa kuwa sumu inawadhuru nao na inaweza kurudi kwa mtu kupitia maziwa. Harufu ya uvundo au uchungu kwenye ulimi ni alama ya kutosha ya kuacha.

Mtoto hahusiki

Yote yaliyosemwa hapa ni ya mtu mzima aliyeambiwa na mganga apunguze mafuta. Mtoto mdogo hahusiki. Tumbo lake ni dogo, hawezi kula bugali nyingi, na mafuta ndiyo njia ya kumpa nguvu nyingi ndani ya chakula kidogo. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipunguziwe mafuta. Bui nyepesi ya unga na maji inajaza tumbo na kumwacha na njaa. Bui ya masoso yenye kijiko cha karanga safi inamkuza.

Ushahidi mkubwa wa nguvu ya karanga upo katika vituo vya afya vyenyewe. Mwaka 1996, mganga wa watoto Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset walitengeneza Plumpy'Nut: karanga ya kusaga iliyochanganywa na unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Kifuko kimoja cha gramu 92 kina kilokalori 500. Haihitaji maji, haihitaji kupikwa, na mama anaweza kumpa mtoto nyumbani. Watoto wengi wenye utapiamlo mkali, katika Kivu kama kwingineko, wametibiwa kwa vifuko hivyo. Ndiyo maana watu wazima wa nyumba hawapaswi kuvila wala kuviuza: ni dawa ya mtoto aliyeandikiwa.

Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na mtu aliyepungua uzito kwa ugonjwa wa kifua kikuu au kwa taabu ya kukimbia vita, nao wasifuate shauri la kupunguza mafuta bila kumwuliza muuguzi. Anayekula mara moja kwa siku hana mafuta ya kupunguza.

Sufuria moja, sahani tofauti

Inabaki ile nyumba yenye baba wa tansio na mtoto mwembamba. Hakuna haja ya kupika mara mbili. Sombe ipikwe kwa pamoja na kitunguu, tomati, maharagi yaliyopondwa au unga wa soja, na sambaza, bila mawese na kwa chumvi kidogo. Ikiiva, sahani ya yule aliyeambiwa apunguze itolewe kwanza. Kisha, sufuria ikiwa bado motoni, karanga ya kusaga itiwe katika sombe iliyobaki, ichemke dakika chache, na watoto wapakuliwe. Kama baba anaona ameonewa, naye apate kijiko kimoja cha karanga juu ya sahani yake. Kijiko kimoja ni gramu 8 za mafuta, na hicho kinamruhusu kula pamoja na wengine.

Dawa za tansio au za sukari haziachwi kwa sababu mboga imebadilika. Kilicho ndani ya sufuria kinasaidia kazi ya dawa, na mganga akiona vipimo vimeshuka ndiye atakayesema kama kuna cha kupunguza.

Na pale sokoni Kadutu au Virunga, anayenunua karanga anaweza kubadilisha kidogo namna anavyonunua: kifuko kimoja badala ya viwili, na kwa pesa iliyobaki, kopo la maharagi kutoka milimani au la njugu mawe kutoka Maniema. Ila nyumba yenye mtoto anayelishwa bui isimnyime mtoto huyo kijiko chake.